Mama amekuwa na hofu tangu alipoanguka

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi nyumbani kwake. Tangu alipoteleza na kuanguka miezi minane iliyopita, hatoki nje ila kwa kubembelezwa, usingizi hana, na kila mara hulalamika kwamba moyo unamwenda mbio, ingawa vipimo vya moyo havikuonyesha tatizo. Ndugu zangu wanasema ni uzee tu, na jirani ametupatia vidonge vya diazepamu ili alale. Je, tumpe?

JIBU: Tafadhali msimpe. Diazepamu hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu kuliko mwilini mwa kijana, humlegeza miguu na kumvuruga fahamu, kwa hiyo mtu aliyekwisha kuanguka anaweza kuanguka tena, na safari hii akavunjika nyonga. Ikiwa amekwisha kuizoea, asiiache ghafla. Daktari ampunguzie taratibu.

Hilo la kusema ni uzee tu silikubali hata kidogo. Wazee wengi hawaishi na hofu ya namna hiyo, na walio nayo mara nyingi hawaitaji kwa jina lake, bali hulalamikia kifua, tumbo au usingizi. Wasiwasi usiozuilika, unaomsumbua mtu karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, ni ugonjwa unaotibika. Hata hivyo, daktari apime kwanza tezi ya thairoidi, ile ya shingoni ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili kama hizi, na aone dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za pumu na za mafua huharakisha mapigo ya moyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni huko kujifungia ndani. Anayeogopa kuanguka huacha kutembea, misuli ikanyong'onyea, na unyonge huo ndio humwangusha. Mwulizeni kwa utulivu, mkiwa wawili tu, anaogopa nini hasa. Huenda anaogopa kulala sakafuni saa nyingi bila mtu kujua, na hofu hiyo hupungua akiwa na simu mfukoni na mtu wa kumjulia hali asubuhi na jioni. Kisha tembeeni naye, leo hadi mlangoni, kesho mbele kidogo, bila kumwambia "usiogope", kwani neno hilo humfunga mdomo.

Mazoezi ya kuimarisha miguu na mazungumzo na mshauri nasaha huwafaa wazee pia, na yasipotosha, zipo dawa nyingine ambazo daktari huanza kuzitoa kwa kipimo kidogo na ambazo huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu. Lakini akitamka kwamba amechoka kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.