Bwawa likiwa kavu, zamu bado ni zamu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mabwawa ya kuzuia mafuriko, juzi nimepekua daftari la zamu nikakuta kina kilekile kimeandikwa wiki nzima, ilhali katikati ya wiki mvua ilinyesha. Kila kundi jipya hufanya hivi. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Soma geji, yaani kipimo cha kina cha maji, kwa macho yako, ndipo uandike.

2. Ondoeni magogo kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, kabla ya masika.

3. Kagueni tuta hata bwawa likiwa kavu. Mnaniuliza, "Mzee, maji hamna, tukague nini?" Kagueni nyufa za udongo uliokauka, mashimo ya wanyama, na mizizi ya miti inayojipenyeza. Maji yakija huja kwa saa chache, na hapo hakuna fundi atakayewahi kuziba kitu.

Someni habari za mji wa Derna, Libya. Bonde linaloshuka hadi mjini pale huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, ila lina historia ya mafuriko, ndiyo maana miaka ya 1970 yakajengwa mabwawa mawili ya tuta. La juu, Abu Mansour, liliweza kubeba mita za ujazo milioni 22.5, la chini, lililo karibu na mji, milioni 1.5 tu. Pigeni hesabu wenyewe: la juu likivunjika, la chini litazuia nini? Nyufa ziliripotiwa mwaka 1998. Kazi ya matengenezo iliyokuwa imeanza ilisimama mwaka 2011, vurugu zilipozuka. Mwaka 2022 mtaalamu wa haidrolojia, Abdelwanees Ashoor, aliandika kwamba matengenezo yanahitajika haraka. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023, mvua za kimbunga Daniel ziliyavunja yote mawili, na maelfu ya watu wakasombwa hadi baharini. Mwaka uliofuata mahakama ikawafunga maofisa kadhaa. Nikiwaona mnaruka ukaguzi kwa sababu ya jua, ndiyo ninayoyafikiria.

4. Wakulima wakiomba bwawa lijazwe, waelezeni kwa heshima kwamba ile nafasi tupu ndiyo inayolinda mashamba yao.

5. Namba za wenyeviti wa vijiji vya chini ya bwawa zibandikwe ukutani, na mzipige kila mwezi. Ya mwenyekiti wa ng'ambo haipatikani tena; kaichukueni mpya leo, kabla hamjabadilishana zamu.