Picha ya rangi kutoka blakendi waiti, na filta za nailoni ya zawadi

Ukimwambia mtu unaweza kupata picha ya rangi kwa picha tatu za blakendi waiti anadhani unaongelea zile app za kupaka rangi picha za mababu. Hapana, zile zinakisia tu. Hii rangi ni ile ile iliyokuwepo pale ulipopiga. Unapiga kitu kimoja mara tatu, kupitia filta (kipande cha rangi kinachopitisha mwanga) nyekundu, ya kijani na ya bluu, halafu unaziunganisha. Ujanja wenyewe ni wa zamani mno, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliuonyesha London mwaka 1861 kwa picha ya utepe.

Filta za dukani bei yake imechangamka na kwa kuanzia huzihitaji. Nenda wanapouza vitu vya zawadi, chukua zile nailoni za rangi zinazoonyesha, nyekundu iliyokolea, kijani na bluu. Karatasi za pipi nazo zinafaa ila zina mikunjo, picha inatoka na ukungu. Ukifika home weka nyekundu juu ya kijani uangalie taa, inatakiwa iwe karibu giza, ukiona taa vizuri ongeza tabaka. Bluu ndo msumbufu, nyingi zimepauka, mimi naweka mbili au tatu, zaidi ya hapo picha inakosa ukali.

Usizibandike moja moja kwenye lenzi, kila ukigusa simu inasogea na ikisogea kidogo tu imekula kwako. Kata kipande kirefu cha boksi, toboa madirisha matatu kwa mstari, bandika nailoni kwa selotepu, halafu unakiburuza mbele ya kamera bila kugusa simu. Simu yenyewe kwenye stendi, na upige kwa taima.

Mrusi mmoja Sergei Prokudin-Gorsky alizunguka nchi yake hivi hivi kuanzia 1909 mpaka 1915, kamera yake inapiga picha tatu kwenye kioo kimoja kirefu. Vioo vyake vilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1948 na viko mtandaoni bure, kwa hiyo kabla hujakata boksi lolote shusha kimoja ujifunzie kuunganisha: ya juu ni bluu, katikati kijani, chini nyekundu.

Kwenye kamera ya simu ingia Pro, ile ya kujipangia mwenyewe, weka blakendi waiti, zima kila kitu cha oto hasa waiti balansi (inayosawazisha rangi), maana ikiona wekundu mwingi inaanza kuufuta na wewe ndo unautaka. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ile ile, ucheze na spidi ya shata tu, yaani muda ambao mwanga unaingia. Weka karatasi nyeupe ndani ya fremu, iwe na weupe sawa kwenye picha zote tatu. Bluu itakula muda mrefu kuliko wenzake kwa sababu simu ikitengeneza blakendi waiti inaipa kijani uzito mkubwa, bluu inapewa kiduchu. Wa filamu tumieni pankromatiki, inayoona rangi zote, kama Ilford HP5, othokromatiki haioni nyekundu.

Cha kuanzia, anika kanga nyekundu yenye maandishi meupe. Kwenye filta nyekundu kanga yote inakuwa nyeupe hadi maandishi unayatafuta, kwenye kijani na bluu inakuwa nyeusi tii. Kama picha zako tatu zinafanana, nailoni hizo warudishie.

Kuunganisha natumia GIMP, programu ya picha ya kompyuta, ya bure, unaingia Colors, Components, Compose, unachagua RGB (nyekundu, kijani, bluu) na kuipa kila picha nafasi ya rangi ya filta yake. Kanga ikitoka kijani umezichanganya. Karatasi ikiwa na umanjano basi bluu ilipata mwanga mdogo, ipandishe kidogo kwenye Curves, pale pa kurekebisha mwanga.

Chochote kinachotembea kitatoka vipande vitatu vya rangi tofauti na wengi wanaona ni kasoro, kwangu mimi hapo ndo utamu ulipo. Peleka stendi ufukweni, mchanga na minazi vinabaki na rangi zake ila maji yanametameta nyekundu, kijani, bluu. Kwa mawimbi sekunde mbili kati ya picha na picha zinatosha, mawingu yanaenda taratibu kwa hiyo subiri kama dakika nzima, ila jua likizibwa katikati ya picha anza upya zote tatu.