Wasifu wa Babu haukuwa na Babu ndani yake

Siku tuliyomzika Babu, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Nilikesha nikiuandika na kusema kweli nilijivunia: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, maradhi, saa aliyokata roho. Watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja aliyezoea kwenda naye porini tangu ujana wao akanishika mkono. "Mjukuu wangu, umesoma vizuri," akasema. "Ila huyo uliyemsoma mimi simjui."

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Babu alikuwa mtu wa nje. Nyumbani aliingia kula na kulala, na hata kulala alilalamika kwamba dari linamkaba. Mimi nikamwandikia kurasa mbili zisizo na mti, mto wala mbwa. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kurekebisha, na niliyojifunza nayaweka hapa kwa yeyote aliyeachiwa kumbukumbu za mtu wa namna hiyo, hasa kama wazee waliomjua bado wapo.

Kwanza, toka nje. Ukimkalisha shangazi kwenye kochi ukamwambia akusimulie habari za Babu, utasikia alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda watu. Maneno hayo yanamfaa marehemu yeyote. Shangazi yangu alinipa hayohayo. Wiki iliyofuata nikamwomba tupite njia ambayo Babu aliipita kila alfajiri. Tulipofika kwenye jiwe moja akasimama, sijamuuliza kitu. "Hapa ndipo alipokuwa anakung'uta umande kwenye suruali. Mimi nilikuwa namfuata kwa kunyata. Anageuka, ananiona, anajifanya hajaniona, anaendelea kupiga mluzi." Umri wote huu sikuwahi kuisikia habari hiyo. Jiwe lilimkumbusha kile ambacho maswali yangu yalishindwa.

Simu iweke kwenye mfuko wa shati, washa kinasa sauti, kisha isahau. Adui ni upepo. Rekodi yangu ya kwanza ni mvumo mtupu wa dakika arobaini, na sauti ya shangazi inasikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Siku hizi naivisha simu soksi nyembamba, na inasaidia kuliko nilivyotarajia. Kila mnaposimama, taja kwa sauti mko wapi na ni siku gani, la sivyo baada ya mwaka utakuwa na faili kumi usizojua zilitoka wapi. Ukirudi, weka nakala kwenye vifaa viwili tofauti, na ya tatu mpe ndugu anayeishi mbali. Simu huibwa, kompyuta hufa, na nyumba huweza kuungua.

Maswali nayo yawe madogo, ya mikono na miguu. Akipanda mteremko alishika panga mkono gani? Alikaa wapi jua likiwa utosini? Alikuwa na mti wake wa kukojolea? (Usicheke. Swali hilo lilizua ubishi wa nusu saa kati ya wajomba wawili, na humo ndimo nilimopata nusu ya hadithi nilizonazo.)

Halafu uliza alijuaje aliyoyajua. Babu alidai kwamba anainusa mvua kabla haijafika. Nilidhani ni majigambo ya uzee. Kumbe harufu ile ya udongo uliolowa hutokana kwa kiasi kikubwa na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Upepo unaotangulia mvua huileta kutoka kule inakonyesha tayari. Pia alikifuata Kilimia, lile fungu la nyota ndogo zilizosongamana. Mwezi wa tano humezwa na mwanga wa jua, kisha mnamo mwezi wa sita huonekana tena mashariki kabla hakujapambazuka. Hili unaweza kulitazama mwenyewe mwaka huu, na utakuwa umesimama ukiangalia kilekile alichokiangalia. Dalili zake nyingine nimezifuatilia na hazina ukweli wowote. Nazo nimeziandika. Alivyokosea ni sehemu yake pia.

Sasa niungame kosa. Nilirithi jembe lake. Mpini ulikuwa umechakaa, una weusi wa jasho, nikaona nimheshimu kwa kuutengeneza. Nikaupiga msasa hadi ukang'aa, nikaupaka vanishi. Nilipoushika kulima ndipo nilipogundua nilichofanya. Pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa unakaa palikuwa na kibonde, kidole gumba kinaingia sawasawa, kimechimbwa na ngozi tu kwa miaka mingi. Nimekifuta kwa mchana mmoja. Kwa hiyo nakusihi: chombo cha marehemu usikifanye kipya. Kutu ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mpini uliokauka upake mafuta ya kitani usije ukapasuka, kiweke mahali pakavu, basi. Na kabla ya kukigusa, kipige picha ikiwa na mkono wa mtu, ionekane alivyokuwa anakishika. Kama ndugu wanagombea panga, mpeni anayelitumia. La ukutani litavutia wageni siku mbili tatu, kisha litaota vumbi.

Picha za karatasi hazina mengi: andika nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na uziweke mbali na jua na unyevu. Ukizipiga kwa simu, simama karibu na dirisha na uzime taa ya kamera.

Kuna jambo moja wengi hulikwepa. Mtu aliyependa pori alipunguza muda wa mtu mwingine. Bibi alikuwa anakaa na taa mlangoni hadi usiku wa manane, hajui kama mumewe anakuja au ameumwa na nyoka. Nilipomuuliza, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Babu yenu alioa msitu. Mimi nilikuwa jirani." Binamu zangu walitaka niiondoe sentensi hiyo kwenye daftari la ukoo. Nimeiacha. Daftari lisilo na taa ya Bibi lingekuwa wasifu wangu ule ule wa mazishini, ila mrefu zaidi.

Mwisho, pekua video za watu wengine. Babu alikwepa kamera, kwa hiyo usimtafute katikati ya picha. Mtafute pembeni, nyuma, nje ya dirisha. Mimi nilimpata kwenye video ya harusi ya binamu. Watu wamekaa ndani, mtu anatoa hotuba ndefu, na nje anasikika mzee akimwita mbwa kwa mluzi wa vidole viwili: mmoja mrefu, miwili mifupi, halafu kimya. Ni sekunde tisa. Haonekani hata kivuli.

Jioni moja niliicheza sauti hiyo sebuleni, nikiwa peke yangu na mbwa tuliye naye sasa. Huyu alizaliwa Babu akiwa ameshafariki. Aliinua masikio, akanitazama, kisha akainuka akaenda kusimama mlangoni.