Vinundu kwenye mizizi ya soya sio ugonjwa

Dada usipige dawa, hivyo vinundu ulivyoona kwenye mizizi ya soya yako huko Lira, Uganda, sio ugonjwa, ni bakteria wanaitwa rizobia wamejijengea humo, wanachukua naitrojeni ya hewani (karibu 78% ya hewa ni hiyo hiyo) wanaigeuza amonia mmea unaitumia, nao mmea unawalipa sukari. Kipasue kimoja kwa kucha, kikiwa pinki au chekundu ndani kinapiga kazi, cheupe bado kichanga, kikiwa kijani au kahawia ujue kimekwisha. Wabaya ni minyoo fundo (viminyoo vidogo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi), ila wale wanavimbisha mzizi wenyewe, ukivuta uvimbe hautoki, wakati kinundu kinabanduka kirahisi tu. Na urea (mbolea ya naitrojeni) jamani punguza, ukimwaga nyingi mmea unaacha kutengeneza vinundu, bora mbolea ya fosforasi. Shamba ambalo halijawahi kupandwa soya ndo unatafutia rizobia za kununua, za soya kabisa sio za maharage, unachanganya na mbegu kivulini siku hiyo hiyo ya kupanda maana jua linawaua. Ukivuna kata mashina, mizizi usiing'oe.