Databesi zako zinasinki vizuri, yaani kila nakala ina data ileile? Subiri kwanza nikwambie yaliyonikuta Kapchorwa, Uganda

Mama mmoja alikuja ofisini na risiti zake kakunja ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), akaziweka mezani akaniuliza, "Mwanangu, kilo zangu 47 zimeenda wapi?" Nikafungua sistimu, naona 38. Mama, hapa iko 38 peke yake. Akatoa risiti ya kwanza, 47, tarehe ipo, sahihi ya karani ipo. Akatoa ya pili, 38, ile kahawa ambayo mtoto wake alipeleka kituo kingine siku hiyohiyo. Ina maana alitakiwa awe na 85, na sistimu haikuwa imelalamika hata kidogo, hakuna erori, kila kitu kijani. Sistimu yenyewe niliitengeneza mimi, sasa ningemlaumu nani.

Niwaeleze kidogo ilivyo. Ni kikundi cha wakulima wa kahawa huku Elgon, vituo vya kupimia viko juu mlimani, netiweki inakuja ikijisikia na mvua ikinyesha hata boda anakataa kupanda. Kwa hiyo kila karani ana tableti, apu inafungukia kwenye brauza na inaandika kwanza ndani ya tableti yenyewe kwa PouchDB, databesi ndogo ya brauza, halafu ikipata mtandao inasinki na CouchDB, databesi kubwa iliyoko kwenye sava yetu Mbale. Kwa kazi ya namna hii mimi mpaka leo siibadilishi CouchDB. Damien Katz aliianza 2005, na kusinki kumo ndani yake tangu zamani, si kitu cha kubandika juu. Inaongea HTTP na JSON, basi, hata brauza ya tableti ya bei rahisi inaelewana nayo. Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku kama tano hivi, makarani wetu waliendelea kupima kahawa kama kawaida, na mtandao uliporudi tarehe 18 data ikateremka yenyewe. Maana ile replikesheni (ndiyo huko kunakili mabadiliko kutoka databesi moja kwenda nyingine) inaweka alama ilipofika, ikikatika haianzi upya, inaendelea palepale, na bando halipotei bure. Hapo nikavimba kichwa, kila mtu namwambia sistimu yangu haijui kuzimwa.

Sasa turudi kwa mama. Kosa langu lilikuwa hili: kila mkulima alikuwa na dokumenti moja (rekodi moja kwenye databesi), na ndani yake kuna orodha ya kilo zote alizoleta. Karani wa kituo cha juu akaongeza 47, wa kituo cha chini akaongeza 38, wote hawana netiweki, wote wamegusa dokumenti ileile. Zilipokutana Mbale, CouchDB ikakuta matoleo mawili yote ya tatu, moja linaanza na 3-9c na lingine 3-e1. Haiulizi mtu. Inachukua lenye historia ndefu zaidi, zikilingana inaangalia zile herufi baada ya kistari ipi iko juu, na e iko juu ya 9, basi 38 ikashinda. Ni kama kurusha shilingi, tofauti ni kwamba kila sava na kila tableti itarusha na kupata jibu lilelile. Ile 47 haikufutwa, ilikuwa imekaa chini kimya, na ukifungua dokumenti kawaida huioni mpaka uombe kwa conflicts=true. Nilipoomba ikatokea, nikaunganisha orodha mbili kuwa moja, nikaandika juu ya ile iliyoshinda, halafu nikafuta iliyoshindwa kwa namba yake ya toleo. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, usipofuta, mgongano unabaki palepale.

Mama akapata kilo zake. Lakini siku hiyo sikulala, nikaandika vyuu ndogo (view, ripoti ambayo databesi inajitengenezea) inayotoa dokumenti zote zenye _conflicts, yaani migongano. Nilikuta nyingi kuliko nilivyotaka kuona. Sasa ile vyuu ndiyo naifungua asubuhi kabla ya chai.

Dawa yenyewe hata hivyo si kukagua migongano, ni kuifanya isizaliwe. Kupima mara moja, dokumenti moja, ikishaandikwa hakuna anayeigusa tena. Ukikosea kilo unaandika dokumenti nyingine ya kusahihisha, kama wanavyofanya wahasibu. Jumla ya mkulima haikai popote, vyuu inajumlisha. Na aidii, jina la kipekee la dokumenti, usitumie namba ya risiti, vituo viwili vinaweza kuwa na risiti namba 115 siku moja, tumia yuuaidii (UUID), namba ndefu ya kubahatisha, uachane na mawazo. Kitu kingine, usikubali saa ya tableti iamue nani kashinda, kuna tableti yetu moja ikiisha chaji kabisa inawaka na kukwambia tuko 2015, sasa hiyo nayo iamue pesa za watu?

Haya, la pili, na hili liliniuma zaidi. Kijana wetu mmoja aliona tableti imejaa, akafuta rekodi za msimu uliopita, akidhani anafuta za pale tu. Simlaumu, hata mimi ningedhani hivo. Kumbe kufuta ni badiliko kama badiliko lingine, likapanda mpaka Mbale, likateremka kwenye tableti zote, hata chai hatujamaliza. Ndo siku niliyoelewa kwa vitendo kwamba kusinki si bekapu, kusinki inabeba makosa yako kwa uaminifu uleule inaobebea kazi yako nzuri. Na usijidanganye eti CouchDB inaweka matoleo ya zamani, ikibana data matoleo hayo yanaondoka, na replikesheni haiyabebi.

Kilichoniokoa ni faili ya couchbackup, programu ya kuchukua bekapu ya CouchDB, iliyokuwa kwenye laptopu yangu, ya siku 11 nyuma, zile siku zilizobaki makarani wawili walikaa wikendi nzima wakichapa risiti upya (rolex, ile chapati ya mayai, na soda juu yangu). Nikajaribu kuirudisha kwenye databesi ileile, wapi, dokumenti zinabaki zimefutwa, kwa sababu alama ya kufutwa ni mpya kuliko dokumenti yenyewe, kaburi limeshachimbwa juu yake. Inabidi urudishe kwenye databesi mpya tupu halafu uelekeze tableti zote huko, nazo zikiwa na databesi mpya tupu, la sivyo zitapandisha makaburi yaleyale. Na picha za vitambulisho tulizobandika kwenye dokumenti hazikurudi, bekapu yangu haikuwa imezibeba, tangu hapo picha naziweka kwenye folda yake kwenye sava.

Ukitaka kupunguza mzigo kwenye tableti, hakikisha kwanza imepandisha kila kitu, halafu ua databesi nzima ya tableti kwa destroy, hiyo haitumi kufutwa kokote, kisha vuta upya msimu huu tu kwa kutumia selekta, yaani sharti la kuchagua dokumenti zipi zije.

Kuhusu umeme: kama replikesheni ya sava kwa sava umeianzisha kwa amri ya _replicate, sava ikizima na kuwaka haitarudi yenyewe. Mimi ilinikaa siku tatu sijui, najiuliza mbona leo mlimani hawajapima. Iandike kwenye databesi ya _replicator, hapo itafufuka na sava. Hali yake unaiona kwenye Fauxton, ukurasa wa CouchDB wa kusimamia databesi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini si MongoDB, databesi nyingine maarufu. MongoDB nzuri, naitumia kwa kazi nyingine hapa mjini, lakini pale anayeandika ni mmoja, wengine wanamfuata, huwezi kuwa na tableti 14 kila moja inaandika mlimani peke yake halafu zikutane. Ile huduma yao ya kusinki na simu, Device Sync, ilifungwa Septemba 2025. Kama unayo kwa kazi ya kawaida, bekapu fanya kwa mongodump, usifanye kwa mongoexport, hiyo ni ya kumpa mtu data afungue kwenye Eksel, aina za data zinaweza kupotea njiani. Na mongorestore usiiamini haraka: ikikuta dokumenti yenye aidii ileile inairuka, haiandiki juu, kwa hiyo unaweza kurudisha bekapu ukafurahi na data mbovu ikabaki palepale. Ukiweka --drop inafuta koleksheni kwanza, sasa hakikisha uko sava sahihi kabla ya kubonyeza enta, mimi huwa nasoma kwa sauti jina la sava, waliopo ofisini wanadhani nasali.

Siku hizi couchbackup inakimbia kila usiku saa nane, faili moja inabaki Mbale na nyingine inakwenda kwenye fleshi ambayo naondoka nayo. Kila Ijumaa jioni nachukua ya wiki hiyo, nairudisha kwenye laptopu ya zamani, naokota risiti tano za karatasi kwenye boksi bila kuchagua, nazitafuta moja moja. Ijumaa iliyopita nne zilikuwepo. Ya tano karani alikuwa hajaiingiza, nimempigia, anasema tableti ilikuwa kwa fundi.