Bonde la msitu wa asili ndani ya shamba la miti, nifyeke au niache? (jibu la mtu aliyefyeka)

Kamwene wakuu. Mleta uzi kanunua ekari 20 huku Njombe, kama 3 hivi ni bonde lina msitu wa asili na kijito, jirani kamwambia afyeke apande milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye maji maana inakua haraka. Alafu kamalizia kwa kuuliza, hivi sisi wenye mashamba binafsi ya miti ni wahifadhi au ni wafanyabiashara tu? Naona wengi mmemjibu "panda mkuu, mti ni mti". Mi naomba nipinge, maana hilo kosa nishalifanya kwa hela yangu.

2009 ule upepo wa kupanda miti ulinikumba na mimi, nikapewa na mzee ekari 11, juu nikaweka paina na bondeni nikaweka milingoti, nilishasikia habari za nguzo za umeme nikawa nahesabu hela hata miche sijaiona. Bondeni palikuwa na mivengi mikubwa tu, ile miti ya asili ya kwenye majimaji, vijana wakafyeka siku tatu upande mmoja wa kijito, upande wa pili ni mteremko mkali wakagoma kushuka, nikaacha. Kumbe uvivu wao ulikuja kuniokoa, nitaeleza.

Milingoti ilipanda aisee, sio mchezo. Ila mwaka wa tano kijito kikaanza kukatika Oktoba, kitu ambacho mzee anasema hajawahi kukiona tangu azaliwe. Sasa chini yangu mama mdogo ana vinyungu vyake (bustani za bondeni), mahindi mabichi na maharage ya kiangazi, ndo ada za watoto zinatoka humo. Hakunigombeza wala hakwenda kwa mwenyekiti. Alimtuma tu binti yake na ndoo tupu, "kaka, mama kasema umjazie maji". Nilikaa kimya sijui hata nimjibu nini yule mtoto.

Kwenye mkutano wa kijiji ndo nikajua kumbe kuna sheria kabisa, Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 kutoka chanzo cha maji hufanyi shughuli za kudumu. Shamba liwe lako lisiwe lako. Nikapiga msumeno milingoti ikiwa bado michanga, nikauza kwa bei ya kutupa, na ukidhani umemaliza hujamaliza, mlingoti unachipua kwenye kisiki, kwaiyo kila baada ya muda unarudi kukwanyua machipukizi, visiki vingine nilibandua magome mpaka chini na kufukia udongo. Ilinichukua kama miaka mitatu kuviua vyote. Maji yalirudi, sio kama zamani, ila sasa kijito kinafika mpaka mvua za Novemba bila kukatika, na mama mdogo kanisamehe (nadhani, maana ulanzi, ile pombe ya mianzi, ananikaribisha tena).

Sasa ule upande walioacha vijana. 2017 Oktoba moto ulitoka kwenye shamba la bosi mmoja wa Dar, wale wa kupanda alafu kuja kuangalia kwa picha za WhatsApp, halijapogolewa, majani makavu ya paina chini yamejaa kama godoro, barabara ya moto (ule ukanda unaofyekwa kuzuia moto usivuke) hana. Ukala paina zangu ekari 4 zenye miaka minane. Uliposhuka bondeni ukafika kwenye ule msitu wa asili ukafa wenyewe, kule chini kubichi, kuna mikangaga na matope, moto haukupata cha kushika. Ekari zangu za ng'ambo zikapona. Kwa hesabu za kibiashara tu, huo msitu niliouona hauna faida ndo ulionilinda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Kwaiyo swali la uhifadhi mi najibu hivi. Sheria ya Misitu ya 2002 inautambua msitu binafsi sambamba na wa taifa, wa serikali za mitaa na wa kijiji, kwaiyo una nafasi yako kisheria. Ila shamba la paina sio msitu jamani, ni shamba kama la mahindi, linachelewa tu kuvunwa. Faida yake kwa uhifadhi ipo na naikubali, mbao za kupaulia zikitoka kwetu watu hawana haja ya kuingia kwenye miti ya asili. Lakini hiyo faida unaifuta mwenyewe pale unapofyeka mivengi upate nafasi ya milingoti. Mhifadhi anaonekana kwenye zile ekari 3 ulizoziacha, sio zile 17 ulizopanda. Ndege shorobo wale wa mabawa mekundu siwaoni kwenye paina hata siku moja, wapo bondeni tu. Na maji yanayotoka kwenye vibonde vyetu hivi yanaingia mto Ruhuji, yanashuka Kilombero mpaka Rufiji, yani hata bwawa la Nyerere linatutegemea sisi wa milimani.

Moto huwezi kuupiga peke yako, ingia kwenye kikundi cha wakulima wa miti hapo kijijini. Vingi viliundwa kipindi cha Panda Miti Kibiashara, ule mradi wa serikali yetu na Finland ulioanza 2014. Sisi tunafyeka barabara za moto pamoja kabla ya kiangazi kukolea, na mwenye shamba wa mbali lazima aache namba na mtu wa kumlindia.

Kuna mdau kauliza miche ya mivengi ya kurudishia bondeni inauzwa wapi. Mi sikununua. Subiri matunda yaive, yale ya zambarau tuliyokuwa tunakula utotoni mpaka midomo inabadilika rangi, okota, toa nyama, sia siku hiyohiyo au kesho yake. Usianike ukaweka kwenye kopo kama mbegu za paina, zinakufa. Mi za kwanza nilizianika wiki mbili, haikuota hata moja.