Barua kwa mwanangu: kuhusu chuo cha mjukuu wangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, mjukuu wangu kapata D ya Baiolojia, D ya Jiografia, na Kemia S. Unasema hizo D mbili zinafika pointi 4, kiwango cha chini cha kuombea chuo kikuu, ila kozi itakuwa ile watakayoibakiza wengine. Unauliza: aingie hivyo hivyo, au aende chuo cha kati akasome stashahada ya uvuvi hapa Nyegezi?

Nami nakuuliza kwanza. Jirani wa kwanza kukuuliza matokeo, ulimjibu nini? Usinifiche. Nauliza kwa sababu najua mimi nilivyowajibu wa kwangu wakati wa matokeo ya mdogo wako.

Naye alipata pasi za kuungaunga kama hizi. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema aende VETA, chuo cha ufundi, kijana ana akili ya mikono. Mimi nikasema mtoto wangu hatashika spana nikiwa hai. Nikauza dagaa wote niliowaweka stoo kwenye soko la samaki la Mwaloni nikisubiri bei ipande, nikauza kwa hasara ili aende chuo kikuu, nikanunua kreti za soda, jumuiya nzima ikaja kumwombea. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni ya stendi, maana ulikuwa umeshaolewa Dodoma.

Mwaka wa pili, katikati ya muhula, akanipigia nikampokee stendi ya Nyegezi. Nikadhani wamefunga. Konda akafungua buti, na kabla sijamwona mwanangu nikaliona godoro lake. Limekunjwa, limefungwa kwa ile kamba ya bluu niliyoifungua mimi kwenye gunia la dagaa siku anaondoka. Mwanafunzi wa likizo harudi na godoro. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza, nyingine akazikeri, akazibeba mwaka wa pili, hatimaye akadisco, yaani akaondolewa chuo, na miezi yote hiyo mimi namtumia hela ya matumizi nikijua anasoma.

Unajua neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Sikumuuliza kama amekula, na alikuwa amekaa kwenye basi tangu alfajiri. Nilisema, "Watu nitawaambia nini?" Hakujibu. Alijitwika godoro kichwani akaanza kutembea, akakataa kupanda daladala na mimi. Nilimwona mgongo tu mpaka akapotea kwenye watu. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Karibu mwaka mzima alikuwa analala mchana na kukaa macho usiku. Baba yako ndiye aliyemchukulia fomu ya VETA, ufundi wa majokofu, bila kuniambia. Wiki ya kwanza nikasikia geti linalia saa kumi na moja alfajiri, nikajua ni mwizi. Kuchungulia, ni yeye, ameshaoga, ovaroli amelipiga pasi mwenyewe, anaondoka na giza. Nilirudi kitandani nikalia. Leo hao sangara unaowaona mwaloni wamelala kwenye barafu, muulize mashine ikigoma anaitwa nani.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: mtoto husoma pale anapoamka mwenyewe.

Lakini ngoja nijibishe mwenyewe. Binti wa mama yako mdogo naye aliingia chuo kikuu kwa pointi hizo hizo, akabeba sapu mbili, akazifuta, leo anafundisha sekondari na amemjengea mama yake. Yule hakuwa anaamka, alikuwa anaburutwa. Kwa hiyo hilo neno langu halikumfaa kila mtu. Na hela nayo si ya kudharau: bodi ya mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023, tena kwa fani chache, ila wanafunzi wa shahada wamezoea kuomba. Ulizia hiyo fani ya uvuvi kabla hujaamua lolote, usije ukabaki na ada peke yako.

Ila hili la "akienda chuo cha kati ndiyo basi", mwanangu, hapana. Akimaliza stashahada na wastani wa alama, hiyo GPA, wa 3.0 anaomba shahada kama wengine. Ni kuzunguka tu. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa mwaka 2025 tulisubiri kivuko saa nzima na zaidi, na Sengerema tulifika.

Sasa nikwambie nilichokiona. Juni alipokuja kwangu kusubiri matokeo, alikuwa anatoka alfajiri kwenda kupokea mitumbwi ya dagaa. Mimi sikumtuma. Akawa anauliza kwa nini mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanalala nyumbani. Nikamweleza nilivyolelewa nikijua, kwamba taa huvuta dagaa kwenye giza, mwezi ukiwaka taa haina kazi. Hakuridhika. Akachora jedwali, kila siku mwezi ulivyo na ndoo ngapi zimeshuka kwa mitumbwi minne ile ile, siku ishirini na sita bila kuruka hata moja. Huyu ndiye mliyeniambia hana bidii.

Nilitaka kumalizia kwa kukwambia mpeleke wapi. Nimeandika, nimekata. Wewe ndiye mama yake, na mimi niliwahi kuamua kwa niaba ya mtoto, ukaona. Unajua ninapoegemea, sitalitamka.

Mwambie anipigie yeye, asikupe wewe salamu za kuleta. Mwambie na daftari lake la mwezi amelisahau hapa, liko juu ya friji. Aje alichukue mwenyewe.

Mama yako